Wakuu, nanunua mashine za mtumba (drili, randa, grinda). Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Mbao_Ngumu
Wakuu habari za jioni. Nimefanya kazi kwenye karakana za watu pale Keko kwa muda mrefu, sasa nafungua ya kwangu, ndogo tu, ya samani. Mashine mpya za majina makubwa hazishikiki kwa mfuko wangu. Kuna jamaa anashusha mzigo wa mtumba kutoka Uingereza na Japani, anauza hata kimoja kimoja. Nahitaji drili ya nyundo, randa ya umeme, msumeno wa duara na grinda. Nikifika pale naangalia nini? Naomba ushauri wa kukagua, maana ule wa "achana na mtumba" ninao tayari nyumbani, naupata kila siku kabla ya chai.

Kitasa
Nimekaa mbele kabisa. Wenye fani shukeni.

Mzee wa Kaboni
Kijana, kabla hujauliza bei, igeuze mashine usome kibati chake. Volti kwanza.

Mzigo wa Uingereza una jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na wengine hawalijui kabisa. Mashine za maeneo ya ujenzi kule hutumia volti 110. Zinakuja na plagi ya njano ya duara yenye pini tatu nene. Muuzaji wa huku anaikata ile plagi, anafunga ya kawaida ya pini tatu, mashine inakaa mezani inapendeza. Wewe unaichomeka kwenye umeme wetu wa 230, inalia kwa ukali, unafurahi kwamba ina nguvu kweli, halafu unasikia harufu. Hapo ndipo unapokuja kwangu nisuke upya nyaya za mota.

Mzigo wa Japani ni volti 100. Wa Marekani ni 120. Wa Dubai na Oman ndio unaofanana na wetu, 220 hadi 240, hezi 50. Kwa hiyo plagi mpya kwenye waya mzee isikufurahishe, ikutie wasiwasi. Bora uone plagi iliyoumbwa pamoja na waya wake kutoka kiwandani, isiyo na skrubu, yenye fyuzi ndani. Hiyo kwa mzigo wa Uingereza ina maana mashine ilikuwa ya matumizi ya 230 au 240.

Mswahili wa Birmingham
Mzee umesema kweli tupu. Niongezee sababu yake maana huku ndiko ninakobeba matofali. Eneo la ujenzi lina maji, matope na nyaya zinazokanyagwa, kwa hiyo wanatumia transfoma ya njano inayoshusha 230 kuwa 110, na katikati yake imefungwa ardhi. Maana yake kati ya waya wowote na ardhi kuna volti 55 tu. Ukipigwa unashtuka, lakini uwezekano wa kufa ni mdogo sana.

Sasa makampuni yakimaliza mradi au yakibadilisha vifaa, mashine za 110 zinauzwa bei ya kutupa, kwa sababu mtu wa kawaida nyumbani hana transfoma. Ndiyo maana zinajaa kwenye makontena yanayokuja huko. Nyingi ni mashine nzuri kuliko za nyumbani, maana zilinunuliwa kwa kazi nzito. Tatizo ni hiyo volti tu.

Mbao_Ngumu
Kwa hiyo nikinunua na transfoma yake mambo yanakuwa sawa?

Mzee wa Kaboni
Yanakuwa sawa, ila angalia ukubwa. Transfoma ya kujengea imeandikwa, tuseme, 3.3 kVA, lakini huo ni uwezo wa kazi ya vipindi: unatoboa, unapumzika. Kwa kazi ya mfululizo hesabu nusu yake. Drili ya nyundo ya wati 800 haina shida hapo. Msumeno wa duara unaopasua mbao ngumu kutwa nzima utaichemsha.

Jambo la pili ni hezi, yaani mara ambazo umeme hugeuka mwelekeo na kurudi kwa sekunde. Mashine yenye kaboni (vile vijiti vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka), yaani drili, grinda, randa, jigsoo na rauta, haijali kama umeme ni hezi 50 au 60. Zile zisizo na kaboni, kama grinda ya mezani, kompresa na misumeno mikubwa ya meza, zinajali sana. Mota ya hezi 60 ukiipa hezi 50 inapungua mwendo kwa karibu sehemu moja ya sita, na inakula umeme mwingi zaidi kwa ndani hata ikiwa haina mzigo. Inachemka hata ikizunguka bure. Kibati kikisema 50/60 huna hofu. Kikisema 60 peke yake, mwachie mwingine.

Bei_Chee
Mnajitesa wakuu. Kariakoo kuna mashine za Kichina za Ingco na Total, mpya ndani ya boksi, una risiti, una waranti, ikifa unairudisha. Mtumba unanunua ugonjwa wa mtu mwingine. Kwa nini usumbuke na transfoma ya kubeba kama gunia?

Mama Samani
Mwanangu Bei_Chee una hoja, ila nusu tu. Mimi nina karakana, vijana wangu wanashika mashine kuanzia asubuhi. Kuna vitu nanunua vipya vya Kichina bila kufikiri mara mbili: grinda ndogo na drili nyepesi. Hivyo vinafanya kazi vikiharibika ni sawa, kaboni na swichi zake zimejaa kila duka.

Randa na msumeno ni habari nyingine. Pale unachonunua ni unyoofu. Randa ambayo soli yake (uso wa chini unaoteleza juu ya mbao) ya mbele na ya nyuma hazikulingana itakuachia ngazi kwenye mbao kila unapopita, na hakuna fundi wa kukunyooshea. Soli ya mashine nzuri ya zamani ni alumini iliyosagwa vizuri, ikikaa miaka kumi bado iko sawa kama haikuangushwa. Kwa hivyo nenda na rula ya chuma, iweke juu ya soli zote mbili visu vikiwa vimepunguzwa hadi sifuri, uangalie mwanga chini yake. Ukiona mwanga katikati, au pembe moja imeinuka, iache hata kama wanakupa kwa bei ya visu. Kwa msumeno, angalia bamba la chini halijapinda, na disiki ikikaa kwenye nyuzi 90 inasimama wima kweli ukiweka kipimo cha mraba. Mota inasukwa. Bamba lililopinda halisukwi.

Mzee wa Kaboni
Mama umeongea. Mimi naangalia mota kwa sababu ndiyo chakula changu, lakini mwenye mbao zake aanze na soli.

Haya, mota. Usiiwashe kwanza. Ichomoe kwenye umeme, shika mhimili kwa vidole, uutikise pembeni na juu chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Beringi si ghali, lakini zikikwisha kwa muda mrefu amecha (sehemu ya mota inayozunguka) inaanza kugusa fildi (ile iliyotulia kando yake), na hapo gharama ni nyingine. Zungusha kwa mkono: usikie gia zikipita laini, zisiwe kama zinatafuna mchanga.

Kisha fungua vifuniko vya kaboni ubavuni, vile vya skrubu pana. Mashine nyingi za kazi zinavyo kwa nje. Kaboni ikibaki fupi kama milimita sita au chini yake imekaribia mwisho, hiyo ni hela kidogo. La maana ni komyuteta, ile shingo ya shaba ya vipande vipande ambapo kaboni hugusa. Chungulia kwa tochi. Rangi ya kahawia iliyolingana pande zote ni afya. Vipande viwili vimeungua vyeusi na vingine viko safi, ujue kuna koili moja imekatika au imegusana na jirani yake. Shaba ikimetameta mno, kama imesuguliwa na msasa jana, muuzaji amekutangulia.

Ndipo uiwashe. Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni kawaida. Moto unaozunguka shingo nzima kama pete ni ugonjwa wa amecha. Ila usiwe mwepesi kuhukumu: kaboni mpya nazo hurusha cheche mpaka zikae sawasawa, kwa hiyo kama ulikuta kaboni mpya, iache izunguke dakika chache uone kama zinapungua. Halafu izime, usikilize inavyosimama. Sauti ya kukwaruza huwa inafichwa na kelele ya mota, inatoka mwishoni.

Harufu ya vanishi iliyoungua haidanganyi. Weka pua kwenye matundu ya hewa.

Kitasa
Nimecheka hapo kwenye pua. Kesho nitaonekana sokoni Gerezani nanusa mashine za watu.

Jua Kali 254
Salamu kutoka Nairobi. Huku Kamukunji na Gikomba mchezo ni huohuo, volti 240, mzigo wa Uingereza na wa Dubai. Nataka kugusia feki, maana hapa watu wanadanganywa kwa njia mbili.

Ya kwanza, mtu anakwambia "hii Makita imeandikwa China, ni feki". Si kweli. Makita ni kampuni ya Japani tangu 1915, lakini ina viwanda China, Romania na kwingine. Imeandikwa China na ni halali kabisa. Vilevile Maktec, watu wanaicheka kama jina la kuiga, kumbe ilikuwa chapa ya bei nafuu ya Makita wenyewe.

Ya pili ndiyo hatari: boksi la rangi ya buluu bahari na jina kubwa, ndani mashine nyepesi kama toy. Shika waya. Waya wa mashine halisi ya kazi ni mpira laini unaojikunja hata asubuhi ya baridi ya Limuru, na una maandishi ya aina yake yamechapwa kwenye ngozi, kama H05RR-F au H07RN-F pamoja na ukubwa wa waya. Feki nyingi zina plastiki ngumu inayong'aa. Waya unaweza kubadilishwa, lakini ukiona waya mbaya na kibati kilichobandikwa kama stika ya chupa ya soda, ondoka.

Mswahili wa Birmingham
Nyongeza kwa wanaokutana na majina ya zamani: Hitachi ya mashine za mkono ilibadilishwa jina kuwa HiKOKI mwaka 2018. Ukiona Hitachi, ina umri wake, lakini si feki. Hilti nayo nzuri sana kwa zege, ila hawa huuza moja kwa moja kwa wateja wao badala ya kupitia maduka ya kawaida, kwa hiyo ukinunua ya mtumba fikiria utapata wapi spea.

Mbao_Ngumu
Wakuu, nimefika kwa yule jamaa leo. Amenitolea hivi:

1. Drili ya nyundo Makita HR2470, kibati 110V. Plagi ya kawaida, ya kufungwa kwa skrubu.
2. Randa ya Makita ya milimita 82, kibati 240V. Ndani ya plagi kuna waya mbili tu, hakuna wa ardhi.
3. Grinda kubwa ya Bosch ya inchi 9, 230V, haina gadi (kinga ya disiki).
4. Drili ya chaji DeWalt 18V, betri mbili, chaja hakuna.
5. Grinda ya mezani kutoka Japani, 100V, 50/60Hz.
6. Msumeno wa duara Hitachi, kibati kimefutika.

Anasema zote "zinapiga kazi", na drili ya namba 1 ameiwasha mbele yangu sekunde mbili tatu ikalia kweli.

Bei_Chee
Sekunde mbili tatu. Huyo anajua anachofanya.

Mzee wa Kaboni
Hata mgonjwa anaweza kusimama sekunde tatu. Drili hiyo usiruhusu aichomeke tena.

Namba 2: waya mbili si kasoro. Tafuta kwenye kibati alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Hiyo inasema mashine ina kinga mbili za umeme ndani yake na haihitaji waya wa ardhi. Ukiikosa hiyo alama na waya ni mbili, hapo ndipo kuna mtu ameungaunga. Mama amekwambia cha kufanya na soli. Mimi naipenda.

Namba 5: ni 50/60 kwa hiyo hezi hazina neno, lakini 100V inataka transfoma, na mota ya aina hiyo inavuta umeme mwingi mara kadhaa wakati wa kuanza. Utanunua transfoma kubwa kuliko mashine. Acha.

Namba 6: kibati kisichosomeka ni bei ya chuma chakavu, labda kama Mama Samani ataona bamba lake zuri uchukue kwa ajili ya spea. Wengine huwa wanapima ukinzani kwenye pini, wa 110 huwa karibu robo ya wa 240 kwa mashine ya nguvu sawa, lakini unahitaji mashine ya kufananisha nayo.

Mama Samani
Namba 3 niiseme mimi, kwa ukali. Grinda isiyo na gadi isiingie karakana yangu. Disiki ya inchi 9 imetengenezwa isizidi mizunguko 6,600 kwa dakika. Ya inchi 4 na nusu inaruhusiwa mpaka 13,300. Vijana wanafanya ujinga huu: wanachukua disiki kubwa ya kukatia wanaitia kwenye grinda ndogo baada ya kung'oa gadi, ili ikate ndani zaidi. Inazunguka karibu mara mbili ya kiwango chake. Inapasuka, na vipande havichagui. Muulize huyo kaka gadi iko wapi. Kama hana, gadi ya Bosch inauzwa peke yake, ila uchukue vipimo vya shingo, maana hazilingani zote.

Na disiki zake za mtumba usichukue hata za bure. Zina tarehe ya mwisho kwenye kile kipete cha chuma katikati, mwezi na mwaka. Gundi yake inachoka, hasa kwa unyevu wa kwetu Dar.

Jua Kali 254
Namba 4 nayo. Betri ya 18V ya lithiamu ndani ina seli tano mfululizo. Ile wanayoiita 20V ni seli tano vilevile, wanahesabu tu ikiwa imejaa. Ikijaa kweli utasoma karibu 20 hadi 21 kwenye maltimita (kipima volti). Ukisoma 13 au 14, huenda kuna seli imekufa au betri imekaa bila chaji, na chaja inaweza kuikataa. Ukisoma 20 bado hujamaliza: ifunge kwenye drili, toboa mbao ngumu kwa biti kubwa nusu dakika, halafu pima tena. Betri mbovu inashuka ghafla.

Bila chaja huwezi kujua kama inapokea chaji. Na ukinunua chaja kando, angalia volti zake pia, kuna za 100 na 120 zinazunguka mitaani. Mafundi wengine watakwambia watakuwekea seli za laptopu. Zinaingia, ni saizi ileile ya 18650, lakini nyingi hazikutengenezwa kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Drili inazunguka vizuri hewani, ikigusa mbao inasimama.

Kama ni zile za zamani za 12V au 14.4V zenye betri za kadmiamu, hata usisogee. Ulaya ilipiga marufuku kuuza betri hizo kwa mashine za mkono tangu mwisho wa 2016.

Kitasa
Swali la pembeni: huyu jamaa ana risiti? Kuna jirani alinunua jenereta mtaani kwa bei ya karanga, wiki iliyofuata akawa anaeleza polisi.

Mswahili wa Birmingham
Swali zuri. Huku kuiba vifaa kutoka kwenye magari ya mafundi ni biashara kabisa. Ndiyo maana utakuta mashine zimechorwa jina la kampuni au postikodi kwa moto kwenye plastiki. Ukiona sehemu imesuguliwa kwa msasa kando ya kibati, au namba ya mashine imekwanguliwa, hapo mtu alikuwa anaficha kitu. Kontena halali lina karatasi zake za forodha.

Mama Samani
Na kwa sheria ya kwetu, kupokea mali ya wizi ni kosa kama ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua. Bei ya kushangaza ni sababu ya kujua. Chukua risiti, iandikwe namba ya mashine, jina lake na simu yake. Asiyetaka kuandika, mwache na bei yake nzuri.

Mbao_Ngumu
Shukrani sana wakuu. Nimerudi leo na rula. Randa soli ziko sawa, mwanga haupiti, alama ya miraba miwili ipo, nimeichukua na risiti yenye namba. Grinda gadi ameitafuta kwenye mifuko yake ameipata, ni yake kabisa. Hiyo nayo nimelipa. Msumeno nimeuacha, nitanunua mpya.

Kinachonisumbua ni drili. Nimemwonyesha kibati cha 110, akakiri waliikata plagi wenyewe. Amepunguza bei hadi nikaanza kuwa na tamaa. Komyuteta yake ni kahawia, kaboni ndefu, haina harufu. Nifanye nini?

Mzee wa Kaboni
Zile sekunde alizoiwasha hazikuiua, bahati yako. Kama mzigo wake ulitoka eneo la ujenzi, transfoma ya njano ilikuja pamoja. Muulize. Akiwa nayo, mwambie zote mbili kwa bei hiyohiyo ya drili, na arudishe plagi ya njano.

Mbao_Ngumu
Mzee, anayo. Iko mlangoni, amekuwa akiikalia kama kigoda muda wote huu.

Mzee wa Kaboni
Mwambie asimame. Ichomekwe kwenye ukuta peke yake, drili isiwepo. Upime pato: 110 au zaidi kidogo kati ya pini mbili, na 55 hivi kutoka kila pini kwenda ile ya ardhi. Ukipata 110 upande mmoja na sifuri upande mwingine, mtu ameifungua akachezea ardhi yake, na bei mnaanza upya. Ukipata sawa, iache imechomekwa nusu saa mkiendelea kupatana, halafu iguse mgongoni. Vuguvugu sawa. Ikikuunguza, mrudishie kigoda chake.